Uzoefu wangu: boringi baa niliyoinunua mara mbili kwa ajili ya kauntabo moja

Boringi baa ni fimbo ya chuma yenye ncha ya kukata, inayoingia ndani ya tundu kwenye mashine ya kukereza (lathe) ili kulipanua; kauntabo ni sehemu ya tundu iliyopanuliwa na kuachwa na sakafu bapa. Mara ya kwanza nilinunua nyembamba. Kabla sijagundua hilo, wiki mbili nzima niliilaumu mashine: nikakaza bamba, nikabadili oili, nikafikia hata kumwambia mteja kwamba beringi za spindo, ule mhimili unaozungusha kazi, zimekwisha. Mashine haikuwa na kosa lolote.

Nina karakana ndogo Unga Limited hapa Arusha. Kazi yenyewe ilikuwa habu (kitovu kinachokaa kwenye mhimili) ya mashine ya kumenyea kahawa, chuma laini, yenye tundu la milimita 40 lililopenya upande hadi upande. Ndani nilitakiwa kuchonga kiti cha beringi ya 6206. Hiyo ina kipenyo cha nje cha milimita 62 na unene wa 16, na kwa habu hii sakafu ya kiti ilipaswa kukaa milimita 55 kutoka mdomoni, bapa kabisa. Keekee kubwa haiwezi kukupa sakafu ya namna hiyo, inaacha koni.

Dukani kitu cha kwanza walichonionesha ni chombo cha kuchongea kauntabo cha haispidi (chuma kigumu cha kukatia), kile chenye pini mbele. Ninacho kimoja cha bolti za M10, pini milimita 11 na mkato 18, na kwa kufukia kichwa cha bolti ya alenki sina ugomvi nacho. Ila mahali pake ni mashine ya kutobolea, si ya kukereza. Matundu ya bolti hukaa pembezoni mwa flanji, ilhali kazi iliyofungwa kwenye chaki, yaani meno ya mashine yanayoibana, inazunguka kwa kitovu chake. Halafu chombo kile kinakata kwa upana wake wote kwa pamoja. Kwa kipenyo cha 62, hata ungekipata, mashine ndogo itaomba msamaha.

Nikachukua boringi baa ya milimita 12 yenye insati ya kabaidi, kipande kidogo kigumu cha kukatia kinachofungwa kwa skrubu na kubadilishwa. Nilijiambia nyembamba itaingia popote. Kuingia iliingia. Ilipogusa chuma ikaanza kulia, mlio ule wa kupasua masikio ambao jirani yangu anayechomelea mageti alikuja kuuliza nachinja nini. Nilipomulika ndani kwa tochi ya simu, ukuta wa kiti ulikuwa na mawimbi kama bati la paa. Ukipitisha ukucha unayahesabu.

Mzee mmoja aliyenifundisha kazi Moshi alipita, akaitazama bila kuigusa. "Kijana, umeitoa nje kiasi gani?" Nikamjibu milimita 55 na ushee. "Na unene?" Kumi na mbili. Akacheka, akaniomba chai.

Hesabu yake ni hii: baa ya chuma ikitoka kwenye kishikizo zaidi ya mara nne ya unene wake, inaanza kutetemeka. Nne mara 12 ni 48, mimi nilikuwa nimeshavuka. Baa ya 16 ingetosha. Mimi nilichukua ya 20, kwa sababu tundu la 40 linaipokea bila shida na maranda yanabaki na njia ya kutokea. Bei yake ilikaribia nauli ya basi kwenda Dar na kurudi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba insati za baa ya 12 haziingii kwenye hiyo. Ndogo inatumia CCMT 0602, kubwa CCMT 09T3. Hilo dukani hakuna aliyenitajia.

Lakini kazi! Mizunguko karibu 600 kwa dakika, mlisho (mwendo wa chombo kwa kila mzunguko) mdogo, na sauti ikawa kama mtu anapasua kitambaa. Kwenye baa yenyewe kuna herufi SCLCR, na hizo ndizo za kutafuta kwa kazi hii: insati imekaa nyuzi 95, hivyo ncha inatangulia na inaweza kusafisha ukuta na sakafu bila kubadili chombo. Nikifika kwenye kina, navuta ncha kuelekea katikati na sakafu inabaki bapa. Ncha niliiweka juu ya senta, yaani usawa wa kitovu cha kazi, kwa unywele tu, kwa kuwa ikibeba mzigo inashuka. Ikiwa chini ya senta, tumbo la insati linasugua badala ya kukata.

Tarakimu za mwisho za insati ni mviringo wa ncha: 04 ni milimita 0.4, 08 ni 0.8. Chukua 04. Pembe ya beringi ya 6206 ina mviringo wa milimita 1 hivi, kwa hiyo inakaa hadi chini bila kugombana na kona, na ncha ndogo inasukuma baa kidogo zaidi.

Malalamiko ninayo. Duka moja mjini liliniuzia insati zinazong'aa kama kioo, kali ajabu, wakasema ni za chuma. Kumbe ni za alumini. Makali yalimeguka kabla sijamaliza habu ya kwanza, na pesa sikurudishiwa. Siku hizi natazama boksi kwanza: herufi P yenye rangi ya bluu ndiyo ya chuma, N ya kijani ni alumini.

La pili si kosa la chombo. Umeme ukikatika insati ikiwa imezama, spindo inasimama na ncha ya kabaidi inavunjika. Imenitokea mara tatu. Siku ambazo umeme unachezacheza narudi kwenye kipande cha haispidi nilichokinoa mwenyewe kwenye grenda, nashusha mizunguko hadi 130 hivi, na nakubali kuchelewa. Haispidi inavumilia, na ikifa makali nainoa tena bure.

Habu ilichukuliwa, beringi ikaingia kwa kugongwa taratibu na kipande cha mbao. Baa ya 12 ipo kwenye droo, natumia kwa matundu mafupi tu. Ya 20 naipa nne kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa sababu ya ile skrubu ndogo ya kichwa cha nyota inayoshika insati: ikikuponyoka ikaangukia kwenye maranda, sahau. Nilinunua nne za akiba. Zimebaki mbili.