Shafti ya Kabaidi ya Kukerezea Ndani: Je, Inazuia Mtetemo?

Ndugu watazamaji, karibuni karakanani kwetu hapa Mbeya. Leo ninaichambua shafti hii ya kabaidi (mchanganyiko mgumu wa tungsteni na kaboni), yenye kipenyo cha milimita 16, inayoshika kisu cha kukerezea ndani ya tundu. Ninailinganisha na ya chuma yenye kipenyo hicho hicho, kwa sababu bushi ndefu (mirija ambamo ekseli huzungukia) za mashine za viwanda vya chai, vya Rungwe na Mufindi, ndizo zinazoifanya shafti ya chuma ilie.

Sauti ile ina chanzo chake. Kisu kikitikisika huacha mawimbi kwenye uso wa kazi, yaani kipande kinachokerezwa. Kazi inapomaliza mzunguko, kisu hukutana na mawimbi yale yale, unene wa kinachokatwa hupanda na kushuka, nguvu ya kukata nayo huyumba, na mtetemo hujilisha wenyewe hadi tundu libaki na makunyanzi. Ndiyo maana mkikiondoa kisu kwenye kazi, mtetemo wa aina hii hukoma. Usipokoma, msinunue shafti yoyote kwanza; kagueni mkanda, beringi na chaki ya mashine, yaani kishikio cha kazi.

Shafti iliyotokeza nje ya kishikio chake hupinda kwa kadiri ya mchemraba wa urefu wake. Kwa hiyo kuitoa milimita 96 badala ya 64, nguvu ikiwa ile ile, kunaongeza kupinda kwa zaidi ya mara tatu. Kabaidi hukataa kupinda karibu mara tatu kuliko chuma, na hapo ndipo tofauti ilipo: shafti ya chuma hutegemewa ikitokeza hadi takriban mara nne ya kipenyo chake, ya kabaidi hadi takriban mara sita. Basi kama matundu yenu hayazidi milimita 64, kwa maoni yangu fedha hizo zibaki mfukoni. Rudisheni shafti ya chuma ndani kadiri kazi inavyoruhusu, punguzeni kasi ya mzunguko, na chagueni kisu ambacho uviringo wa ncha yake ni mdogo kuliko kina cha mkato, kwani ncha pana huisukuma shafti pembeni.

Mkiinunua, itunzeni sana. Kabaidi ni ngumu lakini huvunjika upesi ikianguka kwenye sakafu ya saruji. Ishikeni kwa bomba lililopasuliwa, linaloikumbatia shafti pande zote kwa urefu usiopungua milimita 48; skrubu zinazoibana kwa juu tu huacha nafasi ya kucheza, na mtetemo huanzia hapo hapo.