Kitambaa cha kijani cha madukani Mtwara, kwa mazoezi ya kutangaza hali ya hewa

Kwa anayejifua kutangaza hali ya hewa kwenye runinga, pamba ya kijani kibichi inayouzwa kwa mita inatosha kabisa. Unaitundika nyuma yako, na programu ya kompyuta hufuta kijani na kuweka ramani mahali pake. Satini iache dukani: inang'aa, taa inaacha doa jeupe na programu inashindwa kulifuta. Nunua mita 6 zenye upana wa mita 1.5, kata katikati, shona ubavu kwa ubavu upate mraba wa mita 3. Piga pasi vizuri, maana kila kunjo ni kivuli, na kivuli hubaki kwenye ramani.

Simama mita 2 mbele yake. Ukikisogelea, ukijani unakurukia mabegani. Kitambaa kiwe na taa zake, nawe zako. Ukivaa kitenge chenye majani ya kijani? Kitakutoboa kifua: ramani itaonekana hapo.

Upungufu wake ni kwamba ramani huioni. Weka pembeni ya kamera runinga inayokuonyesha ukiwa na ramani, la sivyo utasema Lindi kidole kikiwa Kigoma. Na kwetu kusini kuna jambo la ziada: Mtwara iko chini kulia kwa mtazamaji, ukisimama huko unaifunika. Kaa kushoto kwa mtazamaji, uonyeshe kwa mkono wako wa kushoto.