Mazimwi ya Ray Harryhausen sebuleni kwangu: sanduku la filamu tatu za Sinbad

Sanduku hili nililinunua kwa ajili ya zimwi moja tu, lile lenye jicho moja, pembe na kwato za mbuzi, linalotokea ufukweni mwanzoni mwa The 7th Voyage of Sinbad. Hata kama ndani kusingekuwa na kitu kingine, bado ningesema pesa yangu haikupotea.

Ni sanduku la diski, linaitwa The Sinbad Trilogy, lilitolewa Uingereza mwaka 2017 na kampuni ya Indicator. Filamu ni tatu: The 7th Voyage of Sinbad ya 1958, The Golden Voyage of Sinbad ya 1973, na Sinbad and the Eye of the Tiger ya 1977. Kila moja ina mwongozaji wake, na Sinbad ameigizwa na watu watatu tofauti. Lakini kwangu mwenye filamu hizi ni mmoja, naye ni Ray Harryhausen, Mmarekani aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1920 na kufariki London mwaka 2013. Karibu kila kiumbe cha ajabu utakachokiona humu alikisogeza yeye kwa vidole vyake, fremu baada ya fremu.

Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kidogo, maana ukiijua utaziangalia filamu hizi kwa jicho jingine. Kwanza waigizaji walipelekwa Hispania wakapigwa picha wakikimbia na kurusha mikuki hewani, mbele yao hakuna kitu. Filamu hiyo ikaletwa studio, ikawa inaonyeshwa kwa nyuma kwenye kiwambo kidogo, fremu moja ikiwa imesimama. Mbele ya kiwambo kulikuwa na meza, na juu yake zimwi lenyewe, sanamu ndogo tu ya mpira iliyovishwa juu ya mifupa ya chuma yenye vifundo vinavyozunguka. Mifupa hiyo kwa miaka mingi ilitengenezwa na baba yake Harryhausen, Fred, aliyekuwa fundi mitambo. Mbele ya sanamu kuna kioo kilichopakwa rangi nyeusi upande wa chini. Anapiga fremu moja, anasogeza mkono wa zimwi kidogo, anasogeza filamu ya nyuma kwa fremu moja, anapiga tena. Akifika mwisho wa tukio anairudisha filamu mwanzo ndani ya kamera, anaziba sehemu ya juu, na kuipiga ile ya chini iliyokuwa imefichwa na rangi nyeusi. Ndipo zimwi linakuwa limesimama katikati ya watu, ardhi mbele yake na bahari nyuma yake. Sekunde moja ya sinema ni fremu 24. Dakika moja ni fremu 1,440, na katika kila moja ya hizo mtu amekigusa kile kiumbe.

Mtayarishaji Charles Schneer aliipa njia hii jina la Dynamation ili liuze tiketi. Uhuishaji wa filamu ya 1958 peke yake ulichukua karibu mwaka mzima, na kazi hiyo aliifanya mtu mmoja.

Sasa rudi kwa zimwi la jicho moja. Mifupa yake ya chuma ilitoka kwenye kiumbe kingine, yule wa sayari ya Zuhura katika 20 Million Miles to Earth ya 1957, aliyechunwa ngozi ili zimwi jipya lipate mwili. Angalia linavyotembea. Miguu ni ya mbuzi, kwa hiyo uzito wote unaegemea mbele, na mabega yanayumba kila hatua kuusawazisha. Angalia pia linapombanika baharia juu ya moto. Linakaa kitako na kujilamba midomo. Hadithi haikuhitaji lijilambe midomo. Hilo ni la Harryhausen, aliyetaka ujue kwamba kiumbe hiki kina njaa, kina subira, na kinakifurahia chakula chake kama mtu. Mpwa wangu wa miaka saba alinishika mkono hapo akaniuliza, "Mjomba, anajua kwamba yule ni mtu?" Hakuna picha ya kompyuta iliyowahi kumtoa swali kama hilo.

Likitobolewa jicho, linapapasa hewani, linapiga kelele, linafuata sauti mpaka ukingo wa jabali. Mimi humwonea huruma kila mara. Mazimwi ya Harryhausen hayafi haraka. Joka la mwisho wa filamu, likishachomwa na ule mshale mkubwa, linachukua muda mrefu likihema kabla ya kulala, na kifo hicho kimepewa heshima kuliko kifo cha mchawi Sokurah anayekufa chini yake.

Sisi wa pwani tuna sababu ya ziada ya kuitazama filamu hii. Sindbad Baharia si mgeni kwetu, wengi tulisimuliwa safari zake kabla hatujajua kusoma, na Bahari ya Hindi anayoivuka ndiyo hii hii yetu. Basi utakapofika mahali mabaharia wanapolivunja yai la ndege rukh na kumla kinda, utakumbuka safari ya tano, ambapo mabaharia hufanya ujinga huo huo na wazazi wa kinda wakaja kulipiza kwa kuivunja jahazi kwa mawe. Jitu linalobanika watu nalo ni la safari ya tatu. Waandishi walichukua vipande na kuvichanganya wanavyotaka, rukh wakampa vichwa viwili, na Baghdad yao imepigwa picha katika kasri la Alhambra huko Granada. Waigizaji wakuu ni Wamarekani na Waingereza waliovaa vilemba. Hilo linaonekana na sitalificha. Lakini katika filamu ya pili Sinbad anamkumbusha mwenzake kumtegemea Mwenyezi Mungu na kumfunga ngamia wake pia, maneno ambayo kila aliyepita madrasa anayajua, na nyumbani kwetu watu wazima waliitikia kabla hajamaliza.

Tukio la Sinbad kupigana na kiunzi cha mifupa katika filamu ya kwanza nalo lina historia yake. Kerwin Mathews, aliyeigiza Sinbad, alifanya mazoezi na mwalimu wa upanga kutoka Italia, Enzo Musumeci Greco, akahesabu kila pigo, kisha akarudia pambano lote peke yake mbele ya kamera, akizuia panga ambalo halikuwepo na kusimamisha lake hewani mahali hasa ambapo panga la mfupa lingekuja kugonga miezi kadhaa baadaye. Muziki wa Bernard Herrmann hapo ni marimba na vibao vinavyogongana mithili ya mifupa yenyewe. Filamu ilipofika Uingereza mara ya kwanza wakaguzi walilikata pambano hili kwa kuhofia watoto. Kwenye diski limo lote.

The Golden Voyage watu wengi huiweka nyuma ya ile ya kwanza, na kwa hadithi nakubaliana nao, kwani katikati inajivuta. Lakini ina Kali, sanamu ya mungu wa kike wa Kihindu. Mchawi Koura, aliyeigizwa na Tom Baker, anaiamsha sanamu ya mikono sita, kwanza anaichezesha ngoma, halafu anairushia upanga. Unauona upanga mmoja, na mara mikono yote sita ina panga. Fikiria kazi iliyopo hapo. Mikono sita, kila mmoja na mwendo wake, watu kadhaa wa kweli wakishambulia kutoka pande tofauti, na mhuishaji hana kompyuta ya kumkumbusha mkono wa nne ulikuwa unaelekea wapi kabla hajaenda kula chakula cha mchana. Alibeba yote kichwani. Kali anasogea kwa ukakamavu kidogo, kwa sababu yeye si nyama, ni sanamu iliyoamshwa, na tofauti hiyo kati yake na zimwi la nyama ndiyo inayonionyesha kwamba Harryhausen alikuwa mwigizaji. Alichagua tabia ya kila kiumbe kabla ya kukigusa. Ukitaka kinyume cha Kali, mtazame kijidudu chenye mabawa ambacho Koura anakipa uhai kwa matone ya damu yake, kinavyotetemeka na kunyoosha viungo kwa mara ya kwanza. Na kila uchawi unamzeesha Koura, nywele zinageuka, uso unakunjamana. Huyo ndiye adui bora kuliko wote katika sanduku.

Ya tatu, Eye of the Tiger, ni ndefu kuliko zote, dakika 113 dhidi ya 88 za ile ya kwanza, na urefu huo unausikia. Itazame kwa ajili ya nyani. Mwanamfalme Kassim amegeuzwa nyani, na anacheza sataranji ndani ya meli, anatazama ubao, anafikiri, anasogeza kete. Ni sanamu, hakuna mnyama wa kweli hapo. Sehemu za Petra nchini Jordan zinapendeza. Mengine utayapitia haraka mwenyewe.

Kuhusu ubora wa picha. Nakala nilizokuwa nikizijua tangu utotoni zilikuwa na rangi zilizofifia na giza lililomeza nusu ya kila pango. Hapa nyekundu ni nyekundu, na ngozi ya zimwi ina mikunjo na madoa ambayo sikuwahi kuyaona. Kitu kimoja kitawashangaza baadhi ya wanunuzi. Kila mara kiumbe kinapokaribia kuingia, picha inabadilika ghafla, inakuwa na chembechembe zaidi na rangi zinapauka kidogo. Si kasoro ya diski. Waigizaji katika fremu hizo wamepigwa picha mara mbili, mara moja Hispania na mara ya pili kutoka kwenye kiwambo cha studio, na kila kupigwa upya kunapunguza ukali. Nafurahi sana kwamba waliosafisha filamu hawakujaribu kulainisha sehemu hizo. Chembechembe zile ni ushahidi wa kazi, na kwa mimi niliyezoea, ndizo zinazonitangazia kwamba zimwi liko karibu.

Ombi langu kubwa kwa yeyote atakayenunua: ingia kwenye mipangilio ya runinga yako na uzime ile huduma ya kulainisha mwendo. Runinga nyingi za kisasa huja ikiwa imewashwa. Inabuni fremu za uongo na kuzipachika kati ya fremu za kweli, na kwa filamu hizi huo ni uharibifu mtupu. Harryhausen aliamua kila fremu iwe wapi. Mtikisiko mdogo unaouona kwenye mkono wa zimwi ndio mwendo wake, na runinga ikiufuta, zimwi linateleza kama kitu cha plastiki.

Nyongeza ni nyingi, nami nitataja mbili. Kuna filamu fupi ya matangazo ya enzi hizo, This Is Dynamation, inayotoa siri kidogo tu ili watu waende sinema. Na kuna sauti ya maelezo ambapo Harryhausen mwenyewe anazungumza juu ya filamu ya 1958 pamoja na wahuishaji waliomfuata, akiwemo Phil Tippett. Wakubwa wa fani wanamuuliza maswali kama wanafunzi. Utamsikia pia akieleza jinsi King Kong ya 1933, aliyoiona akiwa na miaka 13, ilivyomshika asiachiliwe tena. Alimtafuta Willis O'Brien aliyeihuisha, na mwishowe akafanya naye kazi katika Mighty Joe Young ya 1949.

Mambo ya vitendo kabla hujatoa pesa. Diski za Blu-ray za Uingereza ni za kanda B (kanda ni eneo la dunia ambalo mashine zake huikubali diski), na Afrika yote pamoja na nchi za Ghuba zimo kanda hiyo hiyo, kwa hiyo mashine iliyonunuliwa Mombasa au Maskati haitakusumbua. DVD ni habari nyingine, Uingereza ni kanda 2 na sisi Afrika Mashariki ni kanda 5, basi usitegemee mashine ya DVD pekee. Kiswahili hakimo, itabidi mtu mzima awatafsirie wadogo, kazi ambayo mimi naifanya kwa furaha. Toleo hili lilichapwa kwa idadi maalumu, kwa hiyo linganisha bei za mitumba kabla hujakubali. Kwa watoto, anza na ile ya 1958, wakae karibu nawe wakati wa kubanikwa kwa baharia na wakati wa kiunzi cha mifupa. Kali mwachie mwaka ujao.

Mimi sasa natafuta nakala nzuri ya Jason and the Argonauts ya 1963. Humo viunzi vya mifupa vinavyopigana ni saba dhidi ya watu watatu, tukio lililomchukua Harryhausen miezi minne na nusu, na kimojawapo cha hivyo saba ndicho kile kile kilichopigana na Sinbad mwaka 1958. Nataka nivitazame kwa utulivu mpaka nimtambue ni yupi.