Uzoefu wangu na vituo vya taarifa za wageni milimani: cha kutegemea na cha kuhakiki

Nimevitumia vituo hivi mara nyingi kabla ya kushika njia za miguu, na hukumu yangu ni moja. Kilicho bora ndani ya jengo ni mhudumu wa kaunta, na kilicho dhaifu ni kipeperushi cha rangi anachokukabidhi. Wageni wengi hufanya kinyume: huchukua kipeperushi, hupitia msalani, kisha huondoka bila kuuliza neno.

Kipeperushi kinafaa kujua kilichopo, basi. Kitazame vizuri: kama hakina mstari wa kipimo wala mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, ule ni mchoro tu, si ramani. Maporomoko na kilele huweza kuonekana jirani, kumbe kati yao kuna bonde la kuteremka na kupanda upya. Ulizia ramani ya kontua, maana vituo vingi vizuri huwa nayo kaunta hata kama haijatandazwa mbele. Kwenye ramani ya 1:25,000, sentimita 4 ni kilomita 1. Kwenye ya 1:50,000, ni sentimita 2. Njia ya mlimani imejaa kona, kwa hiyo usiipime kwa rula. Laza uzi juu yake ukifuata kila kona, kisha unyooshe uzi huo kwenye mstari wa kipimo.

Ukishapata umbali, hesabu saa. Kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeitoa mwaka 1892, bado inasaidia: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mita 900 za kupanda ni takriban saa 3 na dakika 54, bila mapumziko na kwa mtu mwenye miguu mizuri. Ukiwa na watoto au mizigo mizito, ongeza nusu yake. Muda ulioandikwa kwenye kipeperushi mara nyingi hausemi kama ni wa kwenda tu au wa kwenda na kurudi. Hilo ndilo swali la kwanza la kaunta.

Maswali yenyewe yanahitaji akili kidogo. Ukiuliza "njia nzuri ni ipi?", utapewa ile maarufu, nayo ndiyo yenye msongamano. Anza kwa kueleza: mko wangapi, aliye dhaifu zaidi anaweza kutembea saa ngapi, mna viatu gani, mnataka kurudi kabla ya saa ngapi. Kisha uliza mambo mahususi. Nani alipita njia hii mara ya mwisho, na lini? Kivuko cha mto kina daraja au ni mawe? Maji ya kunywa yapo njiani msimu huu, au kijito kilicho kwenye ramani kimekauka? Mtandao wa simu unakatikia wapi? Na swali ninalolithamini kuliko yote: watu hupotelea wapi? Mhudumu mzoefu hatafikiri hata kidogo. Ataweka kidole kwenye njiapanda moja, kwa sababu huko ndiko wenzake wanakokwenda kuwafuata watu jioni. Itie alama papo hapo kwa kalamu.

Neno "wazi" ubaoni lisikutoshe. Huenda lina maana kwamba lango halijafungwa tu, si kwamba kuna mtu aliyeikagua njia baada ya mvua ya juzi.

Utabiri wa hali ya hewa nao usome kwa makini. Kwanza tarehe, maana karatasi ya jana huachwa ikining'inia. Pili mahali: mara nyingi ni utabiri wa mji wa bondeni. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo nyuzi 20 za mjini huwa kama nyuzi 7 mita 2,000 juu yake, tena kabla ya kuhesabu upepo.

Ramani kubwa ya ukutani ni hazina. Utaitambua kwa lile doa jeupe palipoandikwa "Uko hapa", rangi imelika kwa vidole vya wageni. Ipige picha ukisimama sawasawa mbele yake, bila mwanga wa kamera, la sivyo kioo kitafuta nusu ya njia. Jihadhari na mabango ya nje, hata hivyo. Mengi huchorwa kufuata upande unaotazama, kwa hiyo kaskazini huenda iko chini au pembeni. Tafuta mshale wa kaskazini kabla ya kulinganisha na dira. Kosa la nyuzi 1 tu katika uelekeo hukutoa kando kama mita 17 kwa kila kilomita. Nyuzi 10 zinakutoa mita 176, na ndani ya msitu hiyo inatosha kuikosa njia kabisa.

Wakati mzuri wa kwenda ni alasiri ya siku iliyotangulia. Asubuhi kuna foleni na mhudumu anajibu kwa haraka. Alasiri wanarudi waliotoka njiani na matope yao, na habari zao ni za saa mbili zilizopita: mti ulioanguka, nyuki, mto uliojaa.

Daftari la kujiandikisha lijaze kikamilifu: idadi ya watu, njia, saa ya kurudi, rangi ya koti la juu, na namba ya mtu aliyebaki nyumbani. Hapa lawama ni yetu wageni. Wengi husaini kwenda na kusahau kusaini kurudi, kisha askari wa hifadhi wanaingia porini usiku kumtafuta mtu aliyelala hotelini. Kituo kikifungwa kabla hujashuka, daftari au sanduku la fomu huwekwa nje ya mlango. Kalamu iliyofungwa kwa kamba hapo aghalabu imekauka wino, kwa hiyo beba yako.