Ada ya kuingia chumbani mapema: tathmini ya hoteli moja ya Mombasa

Treni ya usiku inayotoka Nairobi hufika Miritini kabla ya adhana ya alfajiri, na mabasi ya usiku huwashusha abiria Mwembe Tayari kabla jua halijachomoza, ilhali hoteli za Mombasa kwa kawaida humkabidhi mgeni ufunguo kuanzia saa nane mchana. Kati ya nyakati hizo mbili pana takriban saa tisa ambazo msafiri hana pa kujinyoosha, na hizo ndizo saa ambazo hoteli zimejifunza kuziuza. Mwezi wa Aprili nilizinunua bila kukusudia, katika hoteli ya kiwango cha kati upande wa Nyali. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakayoieleza nimeikuta pia kwingine, na katika mengine yote hoteli hiyo ilitutunza vizuri.

Chumba cha watu wawili, pamoja na kiamshakinywa, kilikuwa shilingi 9,000 kwa usiku mmoja. Nilipokuwa nikiweka nafasi kwa programu ya simu, katika sehemu ya maombi niliandika kwamba ningefika saa kumi na moja alfajiri nikiwa na mama yangu mwenye umri wa miaka 74, nikauliza kama tungepata chumba mapema. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo: ombi lako limepokelewa, tutajitahidi. Nililisoma jibu hilo kama mtu anayesoma anachokitaka.

Kijana tuliyemkuta mapokezi alikuwa na adabu ya kupigiwa mfano. Alimwamkia mama shikamoo, akamvutia kiti, akaagiza maji, kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya chini, "Kaka, chumba kiko tayari, lakini kuingia saa hizi kuna nyongeza ya nusu siku, elfu nne na mia tano." Nilipomwuliza nyongeza hiyo ilikuwa imeandikwa wapi, alijibu kwamba ndiyo sera ya hoteli. Haikuwa katika ujumbe waliponithibitishia nafasi, wala ukutani nyuma yake. Nililipa kwa M-Pesa papo hapo, kwa sababu mama ambaye magoti yamemvimba kwa kukaa kitini usiku kucha hafai kusubirishwa mwanawe amalize mabishano. Methali humpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe; sisi tulilipokea mlangoni.

Chumba chenyewe sina la kukilaumu. Shuka zilikuwa safi, kipoza hewa kilifanya kazi bila kelele, maji ya moto yalitoka tangu bomba lilipofunguliwa. Mhudumu aliyetubebea mizigo alitudokeza, bila kuulizwa, kwamba vyumba vingi vya ghorofa ile vilikuwa vitupu tangu Jumapili, maana masika yalikuwa yameanza na wageni wa ufukweni hupungua mpaka mvua zikatike. Dokezo hilo ndilo lililonifanya niifikirie ada ile zaidi ya hasira ya asubuhi moja.

Hoteli huuza usiku. Mgeni anayeondoka hutakiwa kutoka saa nne au saa tano asubuhi, na muda uliobaki hadi saa nane ni wa wahudumu wa vyumba, ambao kila mmoja hupangiwa idadi yake ya kutandua, kusugua, kutandika na kusubiri msimamizi apite kukagua. Hoteli ikiwa ilijaa usiku uliotangulia, kama inavyotokea Desemba, wakati wa Pasaka na katika likizo ya Agosti, alfajiri hakuna chumba cha kumpa mtu, ila kile ambacho meneja alikataa kukiuza jana yake ili kimngoje. Chumba cha namna hiyo kimeikosesha hoteli mapato ya usiku mzima, na sioni dhuluma ikiwa anayekitumia atalipishwa usiku mzima. Kilichokuwa kitupu tangu Jumapili ni jambo lingine. Gharama yake kwa hoteli ni umeme wa saa chache na maji ya kuoga, na shilingi 4,500 zinazidi hayo mara nyingi. Hata hivyo mwenye mali ana haki ya kuiwekea bei, na mimi mwenyewe, kama ningeulizwa wiki moja kabla, ningekubali kulipa kiasi hicho hicho ili mama apate kulala. Lalamiko langu ni kwamba sikuulizwa. Mteja aliyesimama na mizigo kabla ya jua kuchomoza hawezi kwenda kulinganisha bei mtaa wa pili, na hoteli inayongoja mpaka wakati huo kuitaja bei inalijua hilo.

Nikiacha namna ilivyodaiwa, kiasi chenyewe kilikuwa cha upole. Kanuni iliyozoeleka katika hoteli nyingi za Afrika Mashariki ni kwamba anayeingia kabla ya saa kumi na mbili alfajiri hulipa bei ya usiku mzima, anayeingia baada ya hapo hulipa nusu, na kuanzia mchana mapokezi humruhusu mgeni bila malipo iwapo chumba kimekwisha kusafishwa. Kwa kanuni hiyo tungeweza kudaiwa 9,000. Ziko pia hoteli zinazotoza kwa saa, na ziko zisizotoza chochote msimu wa wageni wachache, mradi mtu amepiga simu na kuzungumza na mapokezi moja kwa moja badala ya kutegemea programu ya simu.

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuwa kiamshakinywa. Nilidhani nusu siku niliyolipia ilikuwa na chai yake, lakini kile kilichomo katika bei ya chumba kilihesabiwa kuanzia asubuhi ya pili, na cha asubuhi ile kilikuwa shilingi 1,200 kwa kila mtu. Kwa hiyo kufika mapema kulitugharimu 6,900 kwa jumla, zaidi ya robo tatu ya bei ya usiku mmoja. Anayeulizia ada hii na aulizie pia chakula, tena aulize kama kiasi anachotajiwa kimejumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, kisha adai ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Kenya. Kwetu ankara ilitolewa bila manung'uniko, nami naihesabu hiyo kuwa sifa ya hoteli, kwa sababu ada inayoombwa alfajiri kwa fedha taslimu na bila karatasi ina njia nyingi za kupotea kabla haijafika kwa mhasibu.

Neno "tutajitahidi" linastahili kusomwa kwa makini na kila anayesafiri usiku. Ombi lililoandikwa katika programu ya kuweka nafasi haliifungi hoteli kwa lolote. Kinachoifunga ni jibu linalotaja saa na kiasi cha fedha. Njia ya uhakika, nayo ndiyo ghali, ni kukilipia chumba tangu usiku uliotangulia. Atakayefika saa kumi alfajiri ya tarehe 12 aweke nafasi kuanzia tarehe 11, kisha aiarifu hoteli kwa maandishi kwamba atafika baada ya saa sita usiku, la sivyo anaweza kuandikwa kuwa hakutokea na chumba alichokilipia kikapewa mwingine. Hapa saa zetu nazo huleta mkanganyiko. Mfumo wa hoteli husoma saa za Kizungu, na mtu anayeandika "nitafika saa 11" akimaanisha alfajiri hungojwa karibu na adhuhuri. Ni salama zaidi kuandika 05:00, na kuongeza neno alfajiri kwa ajili ya binadamu atakayelisoma.

Msafiri asiye na mgonjwa wala mzee hana haja ya kununua saa hizo. Sijawahi kudaiwa senti kwa kuacha mizigo mapokezi, na hoteli zenye bwawa la kuogelea huwa na bafu ambalo mgeni aliyeweka nafasi anaweza kuruhusiwa kuogea akiomba kwa lugha nzuri. Mtu akishajimwagia maji, akakaa mbele ya mahamri na mbaazi za nazi, asubuhi ya Mombasa haiwi ndefu kiasi hicho. Vivyo hivyo kwa wanaovuka kwenda Unguja kwa boti ya saa moja asubuhi kutoka Dar es Salaam: watakuwa gatini karibu saa tatu, chumba kitawangoja hadi alasiri, na Mji Mkongwe una vichochoro vya kutosha kuumaliza muda huo.

Wenye safari za Marekani wajiandae zaidi, kwa kuwa huko hoteli nyingi huanza kutoa vyumba saa tisa au saa kumi alasiri. Kanuni ya serikali kuu iliyoanza kutumika tarehe 12 Mei 2025 inazitaka hoteli zionyeshe tangu mwanzo bei iliyojumuisha ada zote za lazima. Kuingia mapema huhesabiwa kuwa hiari ya mgeni, kwa hiyo ada yake inaweza kubaki nje ya bei hiyo, na wa kuiulizia ni mgeni mwenyewe.

Hoteli ya Nyali naipa nyota tatu kati ya tano: chumba na wahudumu wangestahili nne na nusu, na zilizobaki zimeliwa na ile sera isiyoandikwa popote. Nilipoondoka nilimwandikia meneja barua pepe nikampendekezea aweke ada hiyo, pamoja na saa zake, mahali ambapo mteja huisoma kabla ya kulipa, naye alinijibu kwa heshima siku mbili baadaye akinishukuru. Nilipita hapo tena mwezi wa Agosti kumpokea shemeji yangu, nikakuta kibao kipya mezani pa mapokezi, kimeandikwa vizuri kwa lugha mbili: nusu bei kabla ya saa nne asubuhi, bila kiamshakinywa. Katika ukurasa wa kuwekea nafasi, nilioufungua nikiwa nimesimama mbele ya kibao hicho, ada hiyo ilikuwa bado haijatajwa.