Foili ya mapovu chini ya bati: tathmini kutoka Nzuguni, Dodoma

Nyumba yetu ina kuta za matofali ya saruji ya inchi sita, dari ya jipsam na paa la bati la geji 28, kama zilivyo nyingi zilizojengwa Dodoma tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016. Tathmini hii inahusu foili ya mapovu (plastiki yenye viputo vya hewa iliyofunikwa kwa alumini) tuliyoifunga chini ya bati hilo, glasiwuli (sufi ya nyuzi za kioo) tuliyoitandaza juu ya dari ya vyumba viwili vya kulala, na mabamba ya stairofomu (povu jepesi la plastiki) ambayo muuzaji alitushauri tuyabandike ukutani nasi tukakataa. Kwa hali ya hewa ya hapa, fedha ya kwanza iende kwenye paa, na katika paa ianze na foili.

Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mwanzoni mwa Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi. Mara ile ya kwanza mvua huwa bado haijafika, mawingu ni machache, na bati hupigwa jua saa nyingi huku kuta zikipata kivuli cha upenu wakati wa adhuhuri. Hewa ya moto iliyo kati ya bati na dari haina haraka ya kushuka, kwa kuwa kawaida yake ni kupanda. Kinachoshuka zaidi ni mionzi ya joto kutoka kwenye bati lenyewe, na hiyo ndiyo foili inayoizuia, kwa sababu uso wa alumini unaong'aa huakisi sehemu kubwa ya mionzi na wenyewe hutoa kidogo sana.

Sifa hiyo ina sharti moja ambalo mafundi wengi hulipuuza: uso unaong'aa lazima utazamane na nafasi ya hewa, angalau ya inchi moja. Foili iliyobanwa kati ya bati na mbao bila nafasi hupokea joto kwa kugusana, na kung'aa kwake hakusaidii tena. Sisi tuliomba ifungwe upande wa chini wa kenchi, uso wa alumini ukielekea dari, kwa kuwa upepo wa kiangazi wa huku huingiza vumbi hata penye upenyo mdogo, na uso unaotazama juu ukishafunikwa na vumbi hupoteza uwezo wake. Kwa kuwa alumini hupitisha umeme, nyaya zote za darini ziliingizwa kwanza kwenye mabomba ya plastiki, na hilo lisiachwe kwa kisingizio chochote. Matokeo yake ni kwamba alasiri dari ya sebule haina tena ule moto uliokuwa ukisikika kwa kiganja. Kelele ya mvua, hata hivyo, imebaki vilevile.

Glasiwuli hufanya kazi kwa namna nyingine: hushika hewa iliyotulia ndani ya nyuzi zake, hivyo hupunguza mwendo wa joto kwenda pande zote mbili, jambo tunalolifurahia usiku wa Juni na Julai, na pia hufifisha kishindo cha mvua juu ya bati. Haishiki moto kwa urahisi. Lakini huwasha ngozi vibaya, kwa hiyo fundi avae glavu, barakoa na nguo za mikono mirefu. Isikandamizwe, kwani hewa ndiyo inayofanya kazi. Na bati linalovuja lizibwe kabla ya Desemba, maana ikilowa haina msaada. Panya nao huipenda.

Kuhusu kuta sikukubaliana na muuzaji. Stairofomu ni kizuizi kizuri cha joto, ila huungua kwa moshi mzito ikiachwa wazi, mchwa huweza kuitoboa, na mahali pake bora ni upande wa nje wa ukuta chini ya plasta yenye wavu, kazi ambayo si ya bei ndogo. Ukuta unaotutesa ni wa magharibi tu, unaofyonza joto la alasiri na kulirudisha chumbani usiku; tumeujengea baraza na kupanda mwarobaini. Tembe, nyumba za asili za Wagogo, kwa udongo mnene wa kuta na paa lake bapa, zilikuwa zimekwisha kulichelewesha joto bila duka lolote.

Dukani tulihudumiwa kwa heshima na tukaruhusiwa kufungua roli kabla ya kulipa, jambo muhimu, kwa kuwa baadhi ya foili zina alumini upande mmoja na plastiki nyeupe upande wa pili. Tepi ya alumini huuzwa peke yake. Inunuliwe hiyohiyo, kwani tepi ya kawaida ya maboksi tuliyopewa kwa maungio ya mwisho ilikauka na kubanduka kabla Novemba haijaisha.