Shimoni: Bandari ya Wavuvi Inayostahili Safari Kutoka Nairobi

Wengi wetu hapa Nairobi tukisema tunakwenda Pwani huwa tunamaanisha Nyali au Diani, na Shimoni, iliyo kusini zaidi katika Kaunti ya Kwale karibu na mpaka wa Tanzania, husahaulika. Baada ya kuizuru, sioni sababu ya kusahaulika huko, kwani huduma zake za utalii wa baharini zina ubora ambao nimeukosa kwingine: mgeni hupokewa mahali ambapo uvuvi ungali ndio kazi yenyewe.

Jambo hili huonekana wazi asubuhi, mashua zilizokesha baharini zinapoleta changu, tasi na kolekole. Samaki hupangwa kwa aina na kupimwa, na mchuuzi hufunua shavu la samaki kutazama kama lingali jekundu kabla hajakubali bei. Karibu na hapo wageni hupanda mashua kuelekea Hifadhi ya Bahari ya Kisite, yenye ukubwa wa kilomita mraba 28, ambamo kuvua ni marufuku kabisa. Katika eneo la Mpunguti linalopakana nayo, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Nahodha wetu, aliyekulia katika uvuvi, alituonyesha mpaka huo kwa kidole, akaeleza kwamba samaki wanaozaliana ndani ya hifadhi huvuka na kuingia nyavuni nje yake.

Pomboo walipotokea, alipunguza mwendo, kisha akazima mtambo na kuwasubiri wasogee wenyewe. Mashua nyingine iliwakimbiza hadi wakazama na kupotea, na kwa maoni yangu mwendo wa namna hiyo unapaswa kukomeshwa, maana unawasumbua wanyama na kuwaharibia riziki mabaharia waangalifu.

Chakula cha mchana kisiwani Wasini, kaa na samaki wa kupaka kwa wali wa nazi, kilikuwa kitamu sana. Msikose pia daraja la mbao linalosimamiwa na akina mama wa kisiwa, linalopita juu ya mikoko na matumbawe ya kale. Mapango ya Shimoni, yenye historia chungu ya biashara ya utumwa, yanahitaji utulivu na muda wake.

Kasoro iliyonisumbua ni kupanda mashua maji yakiwa yamekupwa: ngazi huteleza, na wazee hupata taabu kubwa. Aidha, bei tuliyotajiwa haikutenganisha ada ya hifadhi na nauli ya mashua, kwa hiyo ulizeni mapema kila kimoja ni kiasi gani.

Kuhusu msimu, kaskazi, yaani Novemba hadi Machi, ndiyo yenye bahari tulivu na maji maangavu. Wakati wa kusi mawimbi ni makali, lakini anayetaka kuona nyangumi wakipita atalazimika kuyavumilia kati ya Julai na Septemba.